Nyasi za Wale wa Juu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu wangu na wa majirani, wekeni simu chini kwanza. Mimi nilifika darasa la tatu, kwa hivyo maneno ya kupamba sina. Mmeona video za vita na mnafikiri mnajua. Hizo video zilipigwa na watu waliokuwa mbali. Aliyekuwa karibu hakuwa na mkono wa kushika simu.

Kuna neno linasemwa juu ya mwanangu Sironka, kwamba yeye ndiye alileta wale wa juu mpaka kwa ile shule. Linasemwa kisimani, linasemwa nje ya kanisa watu wakisalimiana. Nimeamua kuandika vile ilikuwa. Mkishamaliza semeni mnavyotaka, lakini mtakuwa mnasema mkijua.

Siku ilianza kama siku zote. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili. Boma yetu iko kati ya Kitengela na Isinya, upande ule ambao bado haujakatwa ploti zote, na ukisimama kwa mlango unaona maghorofa ya Kitengela kama meno. Nilikuwa nasafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto. Maziwa yenyewe yalikuwa ya kulowesha kidole tu, lakini kibuyu husafishwa, kuwe na maziwa kusiwe. Sironka akaja anatembea haraka.

"Yeiyo, mama yangu, kuna watu wamepiga bikoni kwa shamba."

Kwetu neno bikoni, zile alama za kupima mpaka wa shamba, linaamsha mtu kuliko neno simba. Simba anakula ng'ombe mmoja anaenda. Mtu wa bikoni anakula shamba yote, na mwishowe ni wewe unashtakiwa. Nikachukua rungu ya marehemu mzee wangu, tukaenda.

Zilikuwa vyuma vyeusi, urefu wa fimbo ya kutembelea, zimesimama kwa mstari ulionyooka kuliko uzi. Zilitoka huko Athi River zikapita kwetu, zikaingia kwa jirani yangu Mama Njoki na kukata katikati nyumba yake ya nailoni anayolimia nyanya. Hakukuwa na alama ya gari. Hakukuwa na alama ya kiatu. Tulifunga kamba kwa moja tukavuta na punda wawili. Kamba ikakatika.

Mama Njoki alikuja na hati ya shamba ndani ya karatasi ya nailoni. Yeye ni mtu wa kutoka Murang'a, alinunua kwetu ekari tano wakati mzee wangu alikuwa hai, na tulikuwa tumegombana na kupatana mara nyingi mpaka tukawa ndugu.

"Hawa ni wezi wa mashamba, Mama Sironka. Lakini mimi niko na hati."

"Isomee hiyo chuma basi. Labda itaona haya."

"Na wewe na rungu yako? Unangoja ikusalimie?"

Tukacheka. Tulienda kwa chifu, naye akatuambia hata kwake ziko tatu. Kila mtu alifikiri ni tajiri fulani wa Nairobi. Hivyo ndivyo tulikuwa tumezoea kuibiwa. Vita vilikuwa vimeshaanza na sisi tunatafuta wakili.

Baada ya siku tisa, ndani ya mstari wa bikoni, upande wetu, kukatoka nyasi. Mvua haikuwa imenyesha hata tone. Asubuhi ardhi ilikuwa nyekundu na nyufa, kufika jioni ilikuwa na rangi, na kesho yake nyasi ilifika kwa goti. Kijani yake ilikuwa na ubluu ndani. Ilinukia kama boma siku ya mvua ya kwanza.

Ng'ombe zilinusa. Zilikuwa zimekonda, unaweza kutundika koti kwa nyonga. Mbili zilikuwa zimekufa wiki hiyo, na ya tatu tulikuwa tunaiinua kila asubuhi, watu wanne, tunaisimamisha kama mgonjwa. Zikaanza kulia. Kama hujawahi kusikia ng'ombe ishirini na saba zikilia kwa sababu zimeona chakula na wewe umezizuia, hapa utanihukumu vibaya, na sikukatazi.

Sironka alichuchumaa kwa ile nyasi muda mrefu.

"Yeiyo, nyasi bila mvua imetoka wapi? Hakuna hata panzi ndani. Na wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe wamesimama kule mbali, hawaingii. Tungoje daktari wa mifugo aione."

Nikamwambia, "Umekuwa mkaguzi wa Mungu? Enkai amefungua mkono, na wewe unahesabu vidole."

"Yeiyo, siku mbili tu."

"Peleka ng'ombe."

Nilisema hivyo. Maneno mawili. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na nne, mwenye mke na watoto, lakini ng'ombe zilikuwa bado chini ya mkono wangu, na kwetu mtoto habishani na mama mara tatu. Akapiga mluzi, akazipeleka.

Zilikula siku nane. Maziwa yalirudi mpaka tukakosa vibuyu. Nilimpelekea Mama Njoki, naye akanijazia kapu la sukuma wiki. Watu wa Isinya wakaja kuomba walete mifugo yao, nikakataa, nikasema nyasi yangu ni yangu. Huo uchoyo ndio uliwaokoa. Sijawahi kujua nifanye nini na jambo hilo.

Jumamosi, jua likiwa katikati, masikio yaliziba.

Mnajua vile masikio huziba gari ikiteremka kutoka Ngong kwenda Magadi. Ilikuwa hivyo, na tulikuwa tumesimama tu. Punda walilala chini. Nikaangalia upande wa Kitengela.

Mstari mweupe ulipita kwa mji. Ulipita mara moja, kama mtu amefuta ubao.

Mlio ulikuja baadaye.

Maghorofa yaliyokuwa kwa huo mstari hayakuanguka. Yaligeuka vumbi yakiwa yamesimama, vumbi ya kijivu kama simiti, halafu vumbi ikashuka polepole. Ndani yake kulikuwa na vitu vinatembea. Kila kimoja kilikuwa na miguu mitatu na tumbo kama gunia la makaa, na urefu wake unapita mti wa mgunga. Havikuwa na haraka. Hicho ndicho nakumbuka kuliko vyote. Vilitembea kama mtu anayekagua shamba yake.

Redio ilisema wametoka mbali kuliko macho ya wataalamu wa nyota yanavyofika, na dunia yetu si ya kwanza kwao. Walikuwa wamechukua nyingine kabla. Mtangazaji alitumia neno koloni. Wale wa juu, hivyo ndivyo tuliwaita, kwa sababu hatukujua jina lao na hawakuuliza letu. Nyanya yangu alizaliwa kwa watu waliohamishwa na neno hilo koloni, na mimi sikuhitaji kufafanuliwa.

Tulihama mchana huo kuelekea Kajiado. Mke wa Sironka, Naserian, alibeba mdogo mgongoni na kushika mkubwa mkono. Mimi na yeye tuliitana Pakiteng, kwa sababu siku alipoolewa nilimpa ng'ombe, na kwetu zawadi kama hiyo inakuwa jina lenu nyote wawili. Mama Njoki alikuja na sisi. Ng'ombe zilikuja. Watu walinipigia kelele barabarani, "Mama, wacha hizo wanyama ujiokoe!" Nikawauliza nikishajiokoa nitakula lami.

Tulilala Isinya karibu na kanisa, siku mbili. Siku ya tatu masikio yakaziba.

Tukakimbia. Mstari ukapita kwa kanisa.

Tulienda mbele zaidi, tukafika shule moja ya msingi nje ya barabara kuu. Ilijaa watu waliotoka Kitengela, Athi River, kila mahali. Mwalimu mkuu alitaka kukataa ng'ombe, lakini watoto walikuwa na njaa na zangu zilikuwa na maziwa. Akatupa uwanja wa mpira. Zililala hapo siku mbili, zikajaza uwanja mavi. Mama Njoki alichukua jiko la shule, akawa anachemsha maziwa asubuhi na jioni.

"Mama Sironka, hawa watoto wote sasa ni Wamaasai," aliniambia. "Wananyonya ng'ombe yako kama ndama."

"Wakatae basi. Wape nyanya zako."

"Nyanya zangu zimeshikwa na bikoni."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoambiana. Ningetaka yawe mazuri zaidi, lakini yalikuwa ya kawaida yetu.

Asubuhi hiyo tulipeleka ng'ombe kunywa, mwendo wa nusu saa. Naserian na watoto walikuja kufua.

Masikio yakaziba.

Tulikuwa tunaona paa za shule. Mstari ukapita kwa uwanja wa mpira, kutoka goli mpaka goli, halafu ukapita kwa madarasa.

Mlio ukaja.

Nilirudi na Sironka. Jikoni nilipata sufuria moja, nzima, na maziwa ndani bado moto. Mama Njoki sikumpata. Watoto sitaandika.

Wanajeshi walifika alasiri wakiwa na magari mawili. Kiongozi wao alikuwa msichana Mkamba, Koplo Mwende, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa na mashine ndogo mkononi. Ilikuwa kimya kwa vumbi, kimya kwa maiti, kimya kwa sisi. Alipofika uwanjani kwa mavi ya ng'ombe, ikalia. Akasogea kwa ng'ombe zangu, zilizokuwa zimerudi kutoka majini. Ikalia mpaka akaizima.

"Shosho, hizi ng'ombe zilikula wapi?"

"Mimi si shosho. Kwetu bibi ni koko. Zilikula kwangu."

"Koko, zilikula nini?"

Akachimbua mavi na kisu, akanionyesha. Ndani kulikuwa na mche, mdogo kama kucha, kijani yenye ubluu. Ulikuwa umeshashika ardhi.

"Hii ndiyo mbegu yao," alisema. "Hawajui kupanda wenyewe. Wanaotesha mahali pamoja, wanangoja mnyama ale, atembee, aimwage mbele. Halafu wanakuja kusafisha mahali ilipomea. Koko, mmekuwa mkiwapandia shamba."

Nilikaa chini. Nilihesabu: kwetu, kanisa la Isinya, hapa. Kila mahali tulipolala.

Sironka alikuwa amesimama kando yangu. Yule msichana akamgeukia, akauliza, "Nani aliamua zilishwe hiyo nyasi?"

Mimi nilifungua mdomo. Kwa kweli nilifungua. Sironka akasema, "Ni mimi mchungaji."

Hakusema uongo. Hakusema ukweli pia. Na mimi nikafunga mdomo.

Koplo alitaka kuzipiga risasi zote palepale. Halafu akasimama akafikiri, akaenda kuongea kwa redio yao, akarudi. Tangu vita vianze, mizinga yetu ilikuwa inapiga mahali wale wa juu walikuwa, si mahali wanakuja. Sasa kulikuwa na njia ya kujua wanakuja wapi. Kusini ya mji wa Kajiado, kando ya barabara ya Namanga, kuna korongo lenye kuta pande mbili. Ng'ombe zingewekwa pale zilale, zijaze mavi, na mizinga ikae juu ya vilima kungoja. Lazima ziwe pale mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu zikitawanyika, wale wa juu nao watatawanyika. Na ng'ombe, masikio yakiziba, hukimbia.

"Zangu hazikimbii kama mtu wake anaziita," Sironka alisema.

"Nitakaa mimi," nikasema.

"Yeiyo, wewe utaita na nini? Mluzi wako unatokea kwa pengo kama birika imechemka."

Wanajeshi walicheka, na mimi nilicheka, kwa sababu ni kweli, meno mawili ya chini yalitolewa nikiwa mdogo na mluzi wangu hata mbuzi hausikii. Halafu hakuna mtu aliyecheka tena.

Walikubaliana hivi: yeye akae nazo, na pikipiki iwe tayari nyuma yake. Moshi mwekundu ukirushwa kutoka kilimani, aondoke. Koplo alimfanya arudie mara tatu. "Moshi mwekundu, naondoka." Naserian alisimama kando. Alimfunga shuka vizuri begani, akarekebisha, akarekebisha tena.

Tulipofika kilimani, kabla hajashuka kwa korongo, aliinamisha kichwa mbele yangu kama mtoto anavyosalimia, nikamwekea mkono. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Wanajeshi walikuwa wanasikia. Nikamwambia tu, "Enkai akulinde."

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, tukiwa kilimani nyuma ya mizinga, masikio yakaziba.

Moshi mwekundu ukapanda.

Nilimwona akiruka kwa pikipiki. Nilimwona anaanza kupanda njia.

Ng'ombe zilitimka. Zilianza kumfuata, zote, zinatoka kwa korongo kuelekea kwetu, kuelekea mji.

Akasimamisha pikipiki.

Akaiweka chini vizuri, kwa stendi yake. Akateremka kwa miguu.

Mluzi wake niliusikia, masikio yakiwa yameziba hivyo hivyo. Aliziita moja moja kwa majina. Zikageuka. Zikarudi ndani, zikamzunguka, zikatulia.

Wale wa juu wakaingia kwa korongo. Walikuwa sita.

Koplo alikuwa na mkono juu. Aliniangalia. Sijui alitaka nini kwangu, ruhusa au laana. Nikaangalia mbele.

Mstari ukapita.

Akateremsha mkono, na mizinga ikalia.

Watano kati ya wale sita hawakutoka kwa korongo. Ilikuwa mara ya kwanza hapa kwetu kuwashinda, na baadaye mahali pengi wanajeshi walifanya vivyo hivyo, kwa mifugo ya watu wengine. Mji wa Kajiado ulibaki umesimama. Vita viliendelea mwaka mmoja na zaidi, halafu wale wa juu wakaondoka, au wakaisha, wataalamu bado wanabishana. Mimi najua tu kwamba siku moja tuliambiwa turudi nyumbani.

Kwa korongo tulipata vumbi. Hakuna mfupa wa mtu, hakuna pembe ya ng'ombe. Pikipiki ilikuwa pale njiani, imesimama. Koplo Mwende alinipigia saluti. Nilimwambia ateremshe mkono, alale hata saa moja.

Mnaniuliza kama ilifaa. Mji mzima ulibaki hai, hilo ni kweli. Shule haikubaki, na hilo pia ni kweli, na yote mawili yalitoka kwa maneno mawili ya mwanamke aliyekuwa na hasira ya njaa. Jambo jema halirudi nyuma likafuta baya. Naamka nayo yote mawili. Nakunywa chai nayo.

Lakini kuna baya la tatu, ambalo halikuletwa na wale wa juu. Watu waliporudi walitaka jina la kulaumu, na jina lilikuwa tayari. Ni mchungaji. Alikuwa mzembe, alilisha bila kuangalia. Nilisikia, nikanyamaza. Nilijiambia marehemu hasikii. Nilinyamaza miaka minne, watoto wake wakikua ndani ya maneno hayo.

Jumapili moja Naserian alitoka kisimani na mtungi nusu. Mwanamke fulani aliyepoteza mtoto kwa ile shule alikuwa amemwaga maji yake, akamwambia mume wako ndiye alipanda kifo. Naserian aliweka mtungi, akaanza kuwasha moto kama hakuna kitu.

Nikaita wote waliokuwa kwa boma: yeye, watoto, na shemeji zake wawili. Nikawaambia. Ile nyasi, Sironka aliikataa. Alikataa mara mbili. Mimi ndiye nilisema peleka.

Watoto waliniangalia. Shemeji mmoja akatoka nje.

Naserian alikuwa bado anapuliza moto.

"Pakiteng, nilijua," alisema. "Aliniambia siku ile ile jioni. Na kule kilimani akaniambia nisikuseme."

"Na ukamwagiwa maji ukanyamaza?"

"Ni wewe ulikuwa wa kusema."

Sikulia. Nimelia kwingine, si hapo. Nilitafuta fimbo yangu nikasimama, kwa sababu neno la boma husemwa mtu akiwa amesimama. Kesho yake ningeenda kwa yule mwanamke mwenyewe, na nilienda, na yale aliyoniambia ni yake. Lakini siku hiyo niliwapa watu wangu amri, na bado haijaondolewa:

"Mtu yeyote akiingia hapa, au akiwasimamisha njiani, akiuliza ni nani alipeleka ng'ombe kwa nyasi ya wale wa juu, msitafute maneno. Mwambieni ni Koko. Akitaka kunilaani, mleteni kwangu, na mumpe kiti."